Kulifuata jina la Aisha: kutoka Esha wa Lamu hadi Ayşe wa Istanbul

Nyumba moja ya Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, yaweza kuwa na Asha, Esha, Mwanaisha na Aisha, na wote wanne wakawa wamepewa jina lile lile. Wenyewe nyumbani hawasumbuki nalo. Tabu huanza pale jina linapofika kwa karani, kwa kadhi wakati wa mirathi, au kwa jamaa anayepanga shajara ya ukoo na kukuta bibi mmoja ameandikwa kwa sura tatu. Maelezo haya ni ya mtu wa namna hiyo, na ya mzazi anayetaka kumwandikisha binti bila kumwachia kazi ya kuapa viapo ukubwani.

Anza na herufi, sauti ziache kwanza. Jina kamili ni عائشة: ayn (herufi ya kooni), alifu, hamza (mkato wa sauti) iliyokalia kiti cha yaa, shini, na taa marbuta (ة, mwisho wa majina ya kike). Mzizi ni ayn-yaa-shini, ule ule uliotupa ishi na maisha, na umbo lake ni la mtendaji wa kike: aliye hai, mwenye kuishi. Lilienea kwa sababu ya Bi Aisha binti Abu Bakr, mke wa Mtume, aliyefariki Madina mwaka 58 wa Hijria (678), ambaye hadithi zilizopokewa kutoka kwake huhesabiwa 2,210. Ndiyo maana utalikuta kwa wingi walikokaa Masuni, na kwa uchache sana kwa Mashia.

Kabla ya kwenda mbali, ondoa majina yanayofanana nalo kwa bahati tu. Isha ya sala ina mzizi mwingine, ayn-shini-waw, wa giza la usiku kuingia. Kuisha, kwa maana ya kumalizika, ni neno letu la Kibantu na halimo humu. Asha la Kihindi, kama la mwimbaji Asha Bhosle, limetoka Kisanskriti na maana yake ni matumaini. Hili la mwisho linahitaji jicho, kwa kuwa pwani ina familia za asili ya Kihindi za tangu zamani na kwa herufi za Kirumi majina hayo mawili hayana tofauti hata nukta. Tazama jina la baba na dini ya nyumba, utajua uko wapi. Ama Eshe, linalotajwa kwenye orodha za majina ya watoto huko mitandaoni kuwa "Kiswahili halisi", msilihangaikie. Umbo la pwani ni Esha.

Sasa karatasi. Zinazofaa kukusanywa ni hati ya nikaha, talaka kama ipo, hati za mashamba na nyumba, wakfu, mawe ya makaburi, na kurasa za mwanzo au mwisho za msahafu wa nyumbani, ambako wazee waliandika vizazi. Zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu ndizo zenye thamani kubwa, maana humo jina halijapita mikononi mwa karani wa herufi za Kirumi. Utakutana na maandishi matatu. La kwanza ni عائشة lenye hamza, la msomi. La pili ni عايشة, hamza imefanywa yaa. Ni jina lile lile na usilitenge. La tatu ni عيشة, bila alifu, na hili ndilo la mdomoni kwa Waarabu wengi. Hapa ndipo Esha ilipotokea, kwa njia ile ile iliyomfanya shaykh kuwa shehe na khayr kuwa heri: ay ya Kiarabu kwetu hulainika ikawa e. Asha nayo imebana katikati, hamza na irabu yake vikadondoka. Kwa hiyo Esha na Asha ni ndugu wa tumbo moja. Anayemwambia mtoto kwamba Esha ni Aisha lililokosewa hana hoja.

Mwanaisha, Mwanaesha na Mwanasha huongeza heshima mbele. Mwana wa huku Lamu na Pate ni mwanamke mwenye hadhi: Mwana Khadija aliyetawala Pate karne ya 18, Mwana Kupona binti Msham mshairi wa utendi wa 1858. Mwana ikikutana na Aisha, a mbili humezana ikabaki moja. Karani asiye wa pwani hulikata vibaya, akaandika "Mwana" kama jina la kwanza na "Isha" kama la pili, na hapo binti amepewa jina la sala bila yeye kujua. Ukikuta Isha peke yake kwenye karatasi ya serikali, tafuta Mwana iliyopotea kabla ya kuhitimisha lolote.

Kuunganisha karatasi kunataka nidhamu. Jina la kwanza halitoshi hata kidogo, kwa kuwa Asha ni wengi na majina ya bibi hurudiwa kwa wajukuu. Chukua vitu vitano: baba, babu, mume au mtoto, mtaa, mwaka. Vikikubaliana vitatu, na baba awe mmojawapo, ni mtu mmoja. Vikikubaliana viwili, viandike kwa penseli usonge mbele. Tuseme una nikaha yenye عيشة بنت علي بن عمر ya mwaka 1340, na hati ya shamba ya baadaye yenye "Asha Ali Omar". Baba na babu wamekubali, bado kimoja. Mwaka wa Hijria ugeuze hivi: gawanya kwa 33, toa jibu kwenye mwaka wenyewe, kisha jumlisha 622. Kwa 1340 ni 1340 kutoa 40.6 kujumlisha 622, yaani 1921 na kitu. Kwa hakika mwaka huo ulianza Septemba 1921 ukaisha Agosti 1922, kwa hiyo kama mwezi haukuandikwa, weka miaka yote miwili. Kosa la kawaida ni kuchukua mmoja tu, halafu mtoto wa kwanza akaonekana kazaliwa kabla ya nikaha.

Ukitoka nje ya pwani, uliza maswali matatu kwa kila umbo utakalolikuta: ayn imefanywaje, shini imefanywaje, taa marbuta imefanywaje.

Ayn sisi tumeiacha, kama tulivyoiacha kwenye Ali na Abasi. Waturuki na Waindonesia vile vile. Wasomali wameishika na huiandika kwa C, hivyo Caasha wa Kisomali ni Asha, si Kasha. Kwa mkaazi wa Lamu hili ndilo la kulijua mapema, maana mpaka uko karibu na ndoa zimevuka. Anayetafuta jina kwenye orodha atafute chini ya A na chini ya C pia. Watatari wameifanya gh, wakapata Gaysha. Alama ya mkato iliyo katikati ya A'ishatu la Kihausa ni hamza, usiidhanie ayn.

Shini inapotea pale lugha isipokuwa na sh. Kiwolofu na Kimandinka hazina, ndiyo tukapata Aïssatou wa Senegal na Isatou wa Gambia. Lakini mara nyingi sauti iko pale pale na kilichobadilika ni kalamu: ş ya Kituruki katika Ayşe, sy ya Kiindonesia katika Aisyah, š ya Kibosnia katika Aiša, sh ya Kialbania katika Ajshe (ile j isome y), x katika Aixa la Hispania, na ch ya Kifaransa katika Aïcha. Huyu wa mwisho husomwa hapa kwa ch ya chai, na si hivyo; ni sh.

Taa marbuta ndiyo yenye mambo. Kwa Kiarabu, ukisimama kwenye neno hutamki t; ukiunganisha na neno linalofuata, t hutoka. Kiswahili kilichukua jina likiwa limesimama: Aisha. Afrika Magharibi ilichukua likiwa na t na irabu ya u: A'ishatu, Aïssatou, na kwa kufupisha, Shatu. Ni mwendo ule ule uliofanya Fatima kuwa Fatoumata. Maldivi wana Aishath. Waindonesia huandika h ya kusimamia, Aisyah. Waturuki wameigeuza e, Waazerbaijani ə: Aişə. Wauzbeki wao wamecheza na irabu ya mwanzo, aa ndefu ikawa o, wakapata Oysha.

Heshima na mapambo hushikamana na jina hili kila mahali. Indonesia husema Siti Aisyah, na Siti huyo ni wa jamaa moja na Siti wetu. Bara Hindi huongeza Bibi au Begum nyuma. Waturuki hulibandika gul, yaani waridi, likawa Ayşegül. Unapolinganisha, vua kwanza hayo mapambo, ndipo utazame kiini.

Likija suala la kuandikisha mtoto, amueni tahajia kabla ya cheti, si kwenye dirisha la karani. Uzazi nchini Kenya huandikishwa ndani ya miezi 6. Ukichelewa unaingia kwenye usajili wa kuchelewa wenye ushahidi zaidi. Andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpe karani alisome, kisha soma alichoandika yeye kabla hajapiga muhuri. Mwanaisha liandikwe neno moja. Jina la cheti likishawekwa, lifuate kwenye chanjo, shule na kitambulisho bila kubadilisha herufi. Anayeitwa Esha nyumbani na Aisha kwenye cheti hana tatizo lolote. Tatizo ni Esha kwenye cheti, Asha shuleni na Aisha kwenye kitambulisho. Kwa mtu mzima aliyekwisha kufika hapo, kiapo mbele ya wakili au hakimu kitaje maumbo yote, herufi kwa herufi, na kiseme ni mtu mmoja. Kiapo kinachosema tu "na majina mengine" hurudishwa.

Pasipoti ina mtego wake. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi 44 inayosomwa na mashine. Mistari hiyo haijui alama za juu wala mkato: Ayşe huwa AYSE, Aïssatou huwa AISSATOU, A'ishatu huwa AISHATU. Nafasi kati ya maneno hujazwa kwa alama ya <. Aliyeandikwa "Mwana Aisha" kwa maneno mawili atasomeka MWANA<AISHA, na tiketi iliyokatwa kwa Mwanaisha haitalingana nayo. Tiketi ikatwe kwa kunakili mistari ile ya chini, hata kama jina lenyewe lililo juu yake limeandikwa vizuri zaidi.