Stelingi alivyokufa: namna ya kuitazama Hollywoodland bila kuingizwa mjini

Sisi tuliokua na muvi tunajua sheria moja, stelingi hafi. Anapigwa, anadondoka ghorofani, anazama mtoni, dakika tano mbele yuko barabarani anafukuza gari. Sasa mfikirie mtoto wa Marekani mwaka 1959, amezoea kumwona Superman kwenye tivii risasi zinamgonga kifuani na kudunda, alafu asubuhi moja ya mwezi wa sita watu wazima wanaongea kwamba Superman kafa, na kafa kwa risasi. Hapo ndipo Hollywoodland, muvi ya mwaka 2006, inapoanzia na ndio maana naipenda kuliko muvi nyingi za upelelezi. Ila wengi wanaiangalia vibaya jamani, wanakaa masaa mawili wanamsaka muuaji tu, mwisho wanakasirika wanasema muvi haijaisha. Imeisha. Fuata haya uone.

Kwanza, kabla hujabonyeza plei mjue marehemu. Aliitwa George Reeves, mzaliwa wa Iowa, 1914. Mwaka 1939 alionekana kidogo kwenye muvi kubwa ya Gone with the Wind na nadhani mtu yeyote akianza hivyo anaamini mlango umefunguka, kumbe kwake haukufunguka, vita vikaja, akaenda jeshini, aliporudi kazi zikawa za kuokoteza. Ndipo akachukua Superman wa kwenye tivii, shoo iliyorushwa kuanzia 1952 mpaka 1958, vipindi 104. Watoto wakampenda sana ila maprodyuza wakawa wakimtazama hawaoni muigizaji, wanaona suti. Usiku wa tarehe 16 Juni 1959, kati ya saa saba na nusu na saa nane, akafa chumbani kwake ghorofani, mtaa wa Benedict Canyon kule Los Angeles, risasi kichwani, umri miaka 45. Chini sebuleni alikuwepo mchumba wake Leonore Lemmon na wageni wachache, watu wamekunywa. Ripoti ikasema kajiua. Mama yake mzazi akakataa kabisa.

Pili, usichanganye miaka. Muvi inaanza Reeves ameshakufa, kisha inaruka nyuma na mbele mpaka mwisho bila kukuonya. Njia rahisi ni kushika sura. Ukimwona Adrien Brody, yule mpelelezi wa kujitegemea anaitwa Louis Simo, ujue uko 1959 baada ya kifo. Ukimwona Ben Affleck anapumua basi umerudi nyuma, Reeves yupo hai. Ukishashika hilo hutapotea tena. Alafu angalia suti, huko mwanzoni ni kijivu na kahawia, sio bluu na nyekundu, na hapo hawajakosea. Misimu miwili ya kwanza ya ile shoo ilipigwa nyeusi na nyeupe kwaiyo walitumia rangi zinazoonekana vizuri kwenye kamera ya wakati ule. Ebu fikiria, mtu mzima kavaa nguo za kijivu na kahawia za kubana anaambiwa wewe ndio shujaa wa dunia. Affleck anaibeba aibu ile usoni bila kusema neno, na tamasha la filamu la Venice walimpa tuzo ya muigizaji bora wa kiume mwaka huo huo wa 2006.

Tatu, na hapa ndipo penyewe, chukua daftari au fungua note kwenye simu, gawa kurasa tatu. Ya kwanza andika yaliyokutwa na polisi, ya pili yaliyosemwa na watu, ya tatu yaliyotungwa na muvi. Kila sini inayokushtua simamisha kwanza, jiulize inaingia ukurasa gani. Bila hivyo utaamka kesho unamsimulia mtu kitu cha mwandishi wa hadithi ukidhani ni ushahidi wa mahakamani.

Ukurasa wa kwanza utakuwa mfupi ila mzito. Ganda la risasi lilikutwa chini ya mwili. Risasi yenyewe ilikuwa darini. Alama za vidole kwenye bastola hazikupatikana, silaha ilikuwa na mafuta. Kuna matundu mengine mawili ya risasi sakafuni, chini ya zulia, na Lemmon alisema ni yeye alifyatua siku za nyuma. Na polisi hawakuitwa pale pale, muda ulipita, walevi wale wakasema walichanganyikiwa. Soma tena hiyo orodha taratibu. Kila kitu humo kinaweza kumsaidia anayesema kauawa na kinaweza kumsaidia anayesema kajiua, mafuta kwenye bastola yanaweza kuwa mtu kafuta na yanaweza kuwa mafuta tu ya kutunza silaha. Ndio maana zaidi ya miaka sitini watu bado wanabishana.

Ukurasa wa pili umejaa mapenzi. Kabla ya Lemmon, Reeves alikuwa miaka mingi na Toni Mannix, mke wa Eddie Mannix, bosi mkubwa wa studio ya MGM, na ile nyumba aliyofia ni Toni aliyemnunulia. Diane Lane anamcheza Toni na Bob Hoskins anamcheza mzee Eddie, tena Hoskins akiongea kwa upole ndio unaogopa zaidi. Mume mwenye nguvu, mke aliyeachwa, mchumba mpya mwenye hasira za karibu, yaani washukiwa wamekaa mstari mmoja wanakusubiri. Taratibu. Sababu ya kuua sio ushahidi wa kuua, hapo andika maneno ya watu, endelea.

Ukurasa wa tatu ndio wengi hawaufungui. Simo hakuwepo duniani, ametungwa, na mke waliyeachana naye na mtoto wake pia. Iko sini moja Reeves anakaa ukumbini kwenye onyesho la majaribio la From Here to Eternity, muvi nyingine aliyocheza, watu wanamtambua wanaanza kupiga kelele za Superman, alafu inaonekana kama vipande vyake vinakatwa. Inauma sana ile, utamwona Affleck anavyozama kwenye kiti. Lakini director wa From Here to Eternity, Fred Zinnemann, alisema hakuna kilichokatwa. Na yule mtoto anayemnyooshea Superman bastola ya kweli, ni stori ambayo Reeves mwenyewe alikuwa akiisimulia, kwaiyo irudishe ukurasa wa pili.

Sasa usifowadi maisha ya Simo. Najua mnataka kurudi kwa Reeves, ila mtazameni mtoto wa Simo, aliyeacha kuongea vizuri tangu Superman afe, na suti yake ya Superman inavyoishia. Mtazameni na yule mteja mwingine wa Simo, mume mwenye wivu anayelipa mke wake afuatiliwe. Sisemi kinachotokea. Ila ukikifikia utaona kwanini kucheza na shaka ya mtu kwa ajili ya hela ni hatari kuliko bastola, na Simo nae anakiona akiwa amechelewa.

Vifo navyo vinaonyeshwa vitatu. Kimoja ni ajali katika ugomvi na Lemmon, kimoja ni kazi ya mtu wa Mannix, kimoja ni Reeves mwenyewe. Usichague cha kwanza kinachokupendeza. Rudia vyote vitatu mfululizo, ukiwa na ule ukurasa wa kwanza mkononi, kila kimoja ukiulize, ganda limefikaje chini ya mwili, hawa wa chini walisikia nini, kwanini walichelewa kupiga simu. Mimi nilianza nikiwa upande wa Mannix kabisa, niliporudia mara ya pili nikajikuta naenda kwenye kile cha tatu, sio kwa sababu ya risasi, ni kwa sababu ya uso wake anapoaga wageni na kupanda ngazi. (Kama na wewe unapita kwenye giza kama lile siku hizi, sini hii usiiangalie peke yako, kaa na mtu unayemwamini na umwambie.)

Mwishoni kuna filamu ndogo ya nyumbani, Reeves yuko uani anafanya mazoezi ya mieleka kusaka kazi mpya. Anajiviringisha, anainuka kwa shida, anaangalia kamera. Usikimbilie rimoti. Hapo hakuna muuaji, hakuna bastola, hakuna Superman, ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu kwenye majani anatweta, anataka kujua kama ameonekana vizuri.