Tapeli akikupigia simu: mwongozo kutoka kwenye kabine ya pesa, Lubumbashi

Nina kabine ya kutuma na kutoa pesa kwa simu katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Wateja wananiletea simu zao wakiwa wameshalia, na mara nyingi hapo hakuna tena la kufanya. Huu mwongozo ni wa kabla ya kulia.

Jambo la kwanza kulielewa: tapeli wa kawaida hana ufundi wa kuingia ndani ya simu yako akiwa mbali. Anahitaji kidole chako. Ubonyeze kode ya siri, au utume pesa, au umsomee namba zilizoingia kwa mesaji. Hadithi anayokupa, iwe ya furaha au ya msiba, kazi yake ni kukuharakisha ufike hapo. Kwa hiyo usipoteze muda kupima kama sauti yake ni ya mtu mwaminifu. Jiulize tu: huyu anataka kidole changu kifanye nini?

Hatua ya 1: Tengeneza simu yako leo

Kode ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala 1234, wala 0000. Nakuambia kwa sababu nawaona wateja wakibonyeza mbele yangu, hata nikigeuza uso.

Hakikisha kadi ya SIM imeandikwa kwa jina lako. Wengi walinunua kadi barabarani ikiwa tayari imewashwa, kwa jina la mtu wasiyemjua. Siku simu ikipotea, utamwonyeshaje ajenti wa kampuni kwamba nimero ni yako? Nenda na kadi yako ya mpiga kura, waandike upya.

Kisha fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba sita unazozijua wewe peke yako.

Hatua ya 2: Soma nimero kabla ya kupokea au kurudisha simu

Nimero ya Kongo inaanza na +243. Ndani ya nchi, 081, 082 na 083 ni Vodacom. 097, 098 na 099 ni Airtel. 084, 085 na 089 ni Orange. 090 ni Africell. Hiyo haikuhakikishii kwamba mpigaji ni mtu mwema, matapeli nao wana nimero za hapahapa. Inakusaidia kitu kimoja: mtu akisema anapiga kutoka kampuni fulani huku nimero yake ni ya kampuni nyingine, umeshammaliza.

Simu ikilia mara moja tu ikakatika, na mbele kuna kode ya nchi ambayo huna ndugu wala biashara huko, usirudishe. Nimero za namna hiyo zina bei kubwa kwa dakika, na sehemu ya unite zako, yaani salio lako la kupigia, inamwendea aliyezikodi. Ndiyo maana anakata haraka, ili wewe ndiye ulipe. Kwetu +260 haishangazi, ni Zambia, na nusu ya Lubumbashi ina shangazi Kitwe au Ndola. Hata hivyo andika mesaji kwanza. Shangazi atajibu.

Hatua ya 3: "Papa, nilijikosa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wazima na akili zao wanapoanguka.

Mesaji inaingia: umepokea franka kadhaa, salio lako jipya ni hili. Dakika haijaisha, simu inalia. "Papa, nilijikosa nimero, nilituma feza kwako. Unirudishie tu, ni feza ya dawa ya mutoto." Sauti ni ya mama, anavuta pumzi, nyuma kuna mtoto analia. Unaona huruma, unatuma. Unatuma pesa yako mwenyewe, kwa sababu ile yake haikuwahi kuingia.

Shika simu, tazama mesaji tena. Ile ya kweli inaingia chini ya jina la huduma, kwenye mfululizo uleule wa mesaji zako za zamani. Ile ya uongo mara nyingi inatoka kwenye nimero ya kawaida yenye tarakimu kumi, hata kama maneno yake yamenakiliwa vizuri. Weka mbili pamoja: mara nyingi utaona nafasi zimekaa vibaya, herufi kubwa mahali pasipo pake, au salio ambalo halilingani na ulilokuwa nalo asubuhi.

Lakini usiishie kwenye kusoma. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya pesa, angalia salio. Mesaji inaweza kuandikwa na yeyote, salio la menyu haliandikwi na tapeli.

Na kama pesa imeingia kweli? Bado usirudishe kwa mkono wako. Inawezekana imeibwa kwa mtu mwingine, na mwenyewe akilalamika kampuni itaichukua kutoka kwako, wakati wewe umeshatuma nyingine. Mwambie: "Mama, piga simu kwa kampuni, waombe wairudishe, mimi sitaigusa." Aliyekosea kweli atakubali, ingawa atanung'unika. Tapeli ataanza matusi.

Hatua ya 4: Anayejiita mfanyakazi wa kampuni

Anakuita kwa jina lako kamili. Usitetemeke: ukijaribu kumtumia mtu pesa, menyu nyingi zinaonyesha jina lake kabla hujathibitisha, kwa hiyo jina lako halina siri. Anasema akaunti yako itafungwa, au umeshinda bonasi. Kisha dirisha linajitokeza kwenye skrini, linaomba kode ya siri, naye anasema "bonyeza ili upokee". Kupokea pesa hakuombi kode ya siri. Dirisha likiomba kode, pesa inatoka.

Wengine wanakuambia ubonyeze *21* kisha nimero fulani kisha #. Usifanye. Hiyo inahamisha simu zako zote ziende kwake, pamoja na ile simu ya WhatsApp inayosoma kwa sauti kode ya kufungulia akaunti yako. Ukishuku umeshafanya, bonyeza *#21# kuangalia, kisha ##002# kufuta.

Kata simu. Halafu wewe ndiye upige nimero ya huduma unayoijua, wala si ile aliyokupa yeye.

Hatua ya 5: Kode ya WhatsApp

"Yaya, kode yangu imeingia kwako kwa makosa, unisomee." Anayeandika ni binamu yako, au picha yake tu, maana akaunti ya binamu imeshaibwa. Ukisoma zile namba sita zilizoingia kwa mesaji, ndizo zinazofungua akaunti yako, na kesho wewe ndiye utakayewaomba dola watu wa kanisa.

Ikishatokea: sakinisha WhatsApp upya, andika nimero yako, weka kode mpya itakayoingia kwako. Mwizi anatolewa palepale. Kama aliweka uthibitishaji wake wa hatua mbili, utasubiri siku 7 kuingia, lakini naye hatakuwa ndani. Katika siku hizo wapigie watu wako kwa simu ya kawaida.

Hatua ya 6: Hadithi za kwetu

Kazi ya mgodi Kolwezi au Fungurume, dosie yako ya maombi imekubaliwa, tuma dola za uchunguzi wa afya. Mzigo wako umezuiliwa mpakani Kasumbalesa, tuma za forodha. Mtoto amepata ajali, daktari anangoja. Zote zinapimwa kwa njia moja: kata, upige mwenyewe nimero uliyokuwa nayo tangu zamani, ya mtoto, ya mwalimu, ya wakala wako wa mpakani. Kuhusu kazi sina la kuongeza: mwajiri anayeomba pesa ili akuajiri, mimi simtumii hata mteja akinipigia magoti. Ananuna, anakwenda kabine ya pili.

Hatua ya 7: Ukishatuma

Piga kampuni ya simu dakika hiyohiyo, kabla hajatoa pesa kwa ajenti. Ikishatolewa ni vigumu kuipata. Soma nimero ya muamala iliyo ndani ya mesaji. Usifute kitu, piga picha ya skrini. Badilisha kode ya siri. Kama ni pesa kubwa, nenda polisi au kwa mwendesha mashtaka na ushahidi huo. Tangu 2023 Kongo ina Sheria ya Kidijitali, ordonansi-loi nimero 23/010 ya tarehe 13 Machi, inayoadhibu makosa ya namna hii.

Baada ya siku chache kuna mtu atakuandikia, anajua ulichopoteza, anaweza kukurudishia yote ukilipa kidogo mbele. Ni yuleyule, au mwenzake aliyeuziwa nimero yako. Mzuie hapohapo, usimjibu.