Kupanga wiki nzima ya vipindi vya lugha kwa kifungu kimoja

Kosa la kwanza hutokea kabla wiki haijaanza: Jumatatu ufahamu, Jumanne nyakati za vitenzi, Jumatano insha ya mada nyingine kabisa. Hakuna kinachoshikana na kingine, na Ijumaa mwanafunzi anakumbuka vipande. Chagua kifungu kimoja cha maneno 250 hadi 350, na vipindi vyote vitano (hapa nakadiria dakika 40 kila kimoja) vichote humo. Kisome kwa sauti ukiangalia saa. Kikizidi dakika tatu, kata aya moja.

Jumatatu: kusoma na msamiati
Soma wewe kwanza, kalamu zikiwa chini. Kisha wasome kimya, kila mmoja apigie mstari maneno yaliyomkwamisha. Yaandike ubaoni, bakiza sita tu. Wakisie maana kutokana na sentensi, ndipo wafungue kamusi. Ukiigeuza kazi hii, mwanafunzi hunakili maana ya kwanza anayoiona: kifungu kinasema "bei imepanda", daftari linasema "kutia mbegu ardhini".

Jumanne: sarufi
Jambo moja tu, lililomo kwenye kifungu. Ukichukua upatanisho wa ngeli ya LI-YA, toa sentensi tano wazigeuze umoja na wingi. Utasikia "gari yangu imeharibika", kwa kuwa ndivyo wanavyosikia mtaani kila siku. Usimwambie hajui kuzungumza. Andika "gari langu limeharibika" pembeni yake, waoneshe kwamba "la" na "li" zote zinalifuata neno gari, na kwamba insha inataka sentensi hiyo ya pili.

Jumatano: rasimu
Aya moja, sentensi nane hadi kumi, angalau maneno matatu kati ya yale sita. Dakika 10 wasimuliane kwa mdomo, 20 waandike, 10 kila mtu ajisomee alichoandika. Waruke mstari mmoja kila wanapoandika, la sivyo kesho hakuna pa kusahihishia. Kifutio kikae mkobani. Anayekosea akate kwa mstari mmoja, uone alivyofikiri.

Alhamisi: kusahihishana
Hiki ndicho kipindi kinachobeba wiki, na ndicho kinachovurugika kwa urahisi. Ukisema tu "someaneni kazi", jirani ataandika "nzuri sana" na kuanza kupiga soga. Mpe kazi tatu: apigie mstari sentensi anayoweza kuiona kama picha, azungushie duara upatanisho uliovunjika, na aandike pembeni swali moja lenye alama ya kuuliza.

Swali ndilo lenye kazi. Mwandishi ameandika, "Mama alikuwa na hasira sana." Jirani anauliza, "Ulijuaje?" Jibu linaingia kwenye nafasi iliyorukwa: "Mama aliweka sufuria chini kwa kishindo, akanigeuzia mgongo." Hasira haikutajwa, lakini ipo.

Wewe zunguka na kalamu, ila weka alama kwenye kosa la Jumanne pekee. Ukijaza wino mwekundu ukurasa mzima, mtoto ataangalia alama, atafunga daftari.

Ijumaa: nakala safi na jaribio
Dakika 25 za kunakili, 15 za jaribio la alama 10: sita za msamiati, nne za upatanisho. Maneno yaje katika sentensi mpya, vinginevyo unapima kukariri. Darasa likiwa kubwa, sahihisha kwa kina nusu ya madaftari wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo. Yaliyobaki yatie sahihi tu.

Aliyekosa siku mbili au tatu asirundikiwe mazoezi yote. Mpe kifungu na kazi ya rasimu, kisha Alhamisi aingie kwenye kundi la watatu. Na wiki ikipungua siku moja, ondoa jaribio, Alhamisi usiiguse.