Jinsi ya Kutunza Bwawa Dogo la Uani Bila Kulea Mbu, Panya na Nyoka

Kila kiumbe kinachokuja kwenye bwawa la uani kina sababu ya kuja: kinatafuta maji, chakula au maficho. Anayeanza kwa kununua sumu hupambana na mnyama huku sababu iliyomleta ikibaki pale pale, na kwa kawaida sumu hiyo huua kwanza wale waliokuwa wakimsaidia. Kereng'ende na wadudu wengine wawindaji huzaliana polepole, ilhali mbu huhitaji siku chache tu. Kwa hiyo baada ya kutia sumu majini, wa kwanza kurudi ni mbu, na safari hii hawakuti adui. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji yenyewe, na dawa nimeiweka katikati ya safari badala ya mwanzoni.

Hatua ya kwanza: chunguza maji

Chukua bakuli jeupe au upawa mweupe, uchote maji taratibu pembeni mwa bwawa, hasa kwenye kona zilizotulia na katikati ya mashina ya mimea, kisha usubiri dakika moja hivi. Viluwiluwi vya mbu huonekana vikijipindapinda na kupanda juu kuvuta hewa. Vikilala sambamba na uso wa maji, hao ni Anofelesi, jamii inayoeneza malaria. Vikining'inia kichwa chini huku mkia ukigusa uso wa maji, ni kuleksi au aedesi. Ukiona pupa, yaani vijidudu vilivyojikunja mfano wa alama ya mkato, fahamu kwamba mbu wazima watatoka ndani ya siku mbili au tatu.

Katika hali ya joto, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili baada ya siku 7 hadi 14. Kwa hiyo fanya ukaguzi huu mara moja kila wiki, katika siku usiyoisahau, kwa kuwa mapumziko ya wiki mbili yanatosha kukamilisha kizazi kizima.

Kabla hujalilaumu bwawa, zunguka ua wote. Mara nyingi bwawa lenye uhai halina kiluwiluwi hata kimoja, na mbu wanatoka kwenye sahani ya chungu cha maua, kwenye mfereji wa paa uliozibwa na majani, kwenye gurudumu kuukuu au kwenye ndoo iliyosahauliwa nyuma ya nyumba. Vyombo hivyo usivimwage maji tu. Visugue kwa brashi pande zote za ndani. Mbu wa jamii ya aedesi, waenezao dengue, hubandika mayai yao kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande.

Hatua ya pili: rekebisha bwawa lenyewe

Mbu hutaga kwenye maji yaliyotulia. Pampu ndogo inayorusha maji au kuyaporomosha juu ya mawe huvuruga uso wa bwawa kiasi cha kuwakosesha raha, lakini tazama kama mwendo huo unafika kila kona, maana bwawa lenye umbo la kupindapinda huwa na pembe ambazo pampu haizigusi kabisa. Geuza mdomo wa pampu, au jaza pembe hizo kokoto. Mdomo unaovuta maji ufunikwe kwa wavu laini ili usinyonye viluwiluwi vya chura na samaki wadogo.

Jambo la pili ni kina na kingo. Sehemu ya katikati ikiwa na kina cha sentimita 60 au zaidi, samaki hupata pa kukimbilia na maji hayachemki wakati wa jua kali. Kingo zilizosimama wima huwazuia ndege wavuvi, lakini pia huwaua kalunguyeye, mijusi, nyuki na vyura wadogo wanaotumbukia wakashindwa kutoka. Suluhisho ninalolipendekeza ni kuacha upande mmoja mwembamba wenye mteremko wa mawe yasiyoteleza, ukizungukwa na mimea minene: mnyama mdogo hupanda na kutoka, na ndege mkubwa hapati nafasi ya kusimama. Kazi hii ni ya nusu siku na huokoa viumbe wengi kwa miaka mingi. Endapo nyumba ina watoto wadogo, weka pia uzio au wavu wa chuma chini kidogo ya uso wa maji, kwa sababu mtoto mchanga huweza kuzama hata kwenye maji ya kina cha sentimita chache.

Hatua ya tatu: waache wawindaji wafanye kazi

Tunutu wa kereng'ende huishi majini kwa miezi, na katika baadhi ya jamii kwa zaidi ya mwaka, wakila viluwiluwi vya mbu bila kukoma. Wanachohitaji ni mashina yanayotokeza juu ya maji, ili wapande siku ya kugeuka kuwa kereng'ende kamili. Panda matete mafupi au mimea mingine ya majini ya asili ya eneo lako, na yungiyungi wa kutia kivuli.

Kuhusu samaki, amua mapema unataka bwawa la samaki au la vyura, kwa kuwa samaki wengi hula mayai ya vyura na viluwiluwi vyao. Mimi huona bwawa dogo lisilo na samaki ndilo lenye uhai mwingi zaidi, mradi mwenyewe yuko tayari kulikagua kila wiki. Ukiamua kufuga, chagua samaki wadogo wa asili ya eneo lako. Jihadhari sana na gambusia, samaki mdogo wa Amerika ya Kaskazini aliyesambazwa duniani katika karne ya 20 ili ale mbu. Ameharibu makazi ya samaki na vyura wenyeji katika nchi nyingi, na mafuriko moja tu yanatosha kumtoa uani mwako na kumfikisha mtoni.

Vyura wataanza kuja wenyewe. Usilete mayai wala vyura kutoka bwawa jingine, maana kuna ugonjwa wa kuvu wa ngozi ambao umeangamiza jamii nyingi za vyura duniani, na huenea pamoja na maji, matope na wanyama wanaohamishwa. Kelele zao za usiku ni za msimu wa kuzaliana, na hupungua msimu huo unapopita. Wenye mbwa wafahamu kwamba baadhi ya vyura wenye ngozi ya vinundu-vinundu hutoa sumu. Mbwa aliyemng'ata chura akatokwa na povu aoshwe mdomo kwa maji mengi, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Hatua ya nne: dawa inapohitajika

Ikiwa baada ya hatua hizo bado viluwiluwi vya mbu vinaonekana, tumia dawa ya bakteria iitwayo Bti, kwa kirefu Bacillus thuringiensis israelensis, iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev nchini Israeli. Huuzwa kama chembechembe au vidonge vinavyoelea. Kiluwiluwi hula chembe zake, na ndani ya utumbo wake wenye hali ya alkali sumu huamka na kuutoboa utumbo huo. Samaki, vyura, ndege na watu hawana utumbo wa namna hiyo, kwa hiyo dawa haiwadhuru ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Pupa hawali, hivyo dawa haiwapati; ndiyo sababu baadhi ya watu huona mbu siku mbili baada ya kuitia na kudhani haifanyi kazi. Fuata kipimo cha kifurushi, na urudie kwa muda uliotajwa hapo.

Nasisitiza kwa moyo wote: usimwage mafuta ya taa wala oili chafu juu ya bwawa. Ni kweli mafuta huwaziba mbu pumzi, lakini huua pia kereng'ende, huharibu ngozi ya vyura, hugandamana kwenye manyoya ya ndege na huingia ardhini.

Hatua ya tano: walinde samaki dhidi ya ndege

Korongo na yangeyange hutua kando ya bwawa kisha huingia majini kwa kutembea, ilhali mdiria hupiga mbizi kutoka juu ya tawi. Kwa wale wa kwanza, kina, kingo zilizosimama na uzi imara uliofungwa kwenye vigingi kuzunguka bwawa husaidia. Kwa mdiria, ondoa tawi au mti mkavu unaoning'inia juu ya maji. Ndani ya bwawa laza vipande vya bomba pana au vyungu vilivyolala ubavu, samaki wapate kujificha. Sanamu za ndege hazifai, kwa sababu ndege huzizoea upesi.

Wavu ndio kinga ya uhakika, lakini wavu mbaya ni mtego. Uwe na tundu dogo ambalo kidole hakipenyi, uvutwe ukaze kama ngozi ya ngoma, na kingo zake zishikizwe chini zote. Wavu uliolegea hunasa nyoka, popo na ndege, nao hufa polepole.

Hatua ya sita: panya, kisha nyoka

Mambo haya mawili ni moja, kwani nyoka wengi hufuata panya na vyura. Wape samaki chakula kinachoisha ndani ya dakika mbili au tatu, na mfuko uhifadhiwe kwenye chombo cha bati chenye mfuniko. Ziba mianya kati ya mawe ya ukingoni kwa saruji, fyeka nyasi kuzunguka bwawa, na usogeze mbali marundo ya kuni na matofali. Panya waliobaki watege kwa mtego uliowekwa ndani ya sanduku lenye tundu dogo. Sumu ya panya iache, maana bundi au paka akimla panya aliyekula sumu hiyo naye huathirika. Unaposafisha bwawa lililotembelewa na panya, vaa glavu na ufunike vidonda, kwa sababu mkojo wao huweza kueneza homa ya mgunda.

Ukikuta nyoka, simama mbali, ondoa watoto na mbwa, umwachie njia ya kutokea. Asipoondoka, ita mtaalamu wa kukamata nyoka. Watu wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumshika. Vidonge vya naftalini visitumike. Havimzuii nyoka, na ni sumu kwa mtoto na kwa viumbe vya majini.

Hatua ya saba: nyuki

Nyuki huhitaji maji ya kupoza mzinga, na wakishakizoea chanzo kimoja hukirudia. Weka sahani pana yenye kokoto zinazotokeza juu ya maji, mbali na njia ya watu, kabla ya kiangazi kuanza, na usiache ikauke.

Hatua ya nane: mimea mipya na usafi

Mimea iliyochumwa mtoni au ziwani huja na mayai ya konokono, na baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho. Nunua mimea iliyooteshwa kwa maji safi, ikae kwenye ndoo ya pekee kwa wiki mbili, uioshe kila baada ya siku chache na kutoa mayai yenye utelezi chini ya majani. Mkojo na kinyesi cha binadamu visifike bwawani kamwe, maana bila hivyo mzunguko wa kichocho haukamiliki. Gugu maji lisipandwe hata kama maua yake yanavutia, na mimea inayozidi itupwe kwenye shimo la mboji, kamwe si mtoni.

Majani yanayooza yatolewe kwa wavu wa mkono na kuachwa ukingoni usiku mmoja, ili tunutu na wadudu wengine warudi majini. Usimwage bwawa zima. Badilisha maji yasiyozidi robo kwa wakati mmoja. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuyatia, na kama mamlaka ya maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi, tumia dawa ya kuiondoa inayouzwa kwa wafugaji wa samaki au kinga maji ya mvua.