Jinsi ya kuomba leseni ya kubeba bastola Illinois: jiandae kwa zile risasi 30

Kadi yangu imefika wiki iliyopita. Kabla sijasahau nilipokwama, naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlioko Chicago, Rockford, Moline na kwingineko jimboni, hasa ninyi mnaofunga duka usiku peke yenu. Mara ya kwanza nilishindwa jaribio la kufyatua risasi. Kushindwa huko kulinichelewesha wiki tano na kukala pesa ambazo sikuzipangia. Hatua nyingine zote ni nyepesi ukilinganisha na hiyo.

Anza na hali yako ya uhamiaji. Kama ni raia au una grini kadi, endelea kusoma. Kama uko kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda, tafadhali simama hapa. Sheria ya shirikisho inakataza wenye viza hizo kumiliki au kushika silaha na risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Asiye na kibali chochote ndiyo kabisa asiguse. Wengi wetu tunadhani katazo ni la kununua tu, kumbe hata kukodi bastola kwa saa moja uwanjani kunaweza kukufikisha mahakamani. Hamid Rehaif alitoka Falme za Kiarabu kuja kusoma Florida, chuo kikamwondoa, naye akaendelea kukaa. Siku moja akaenda kulenga shabaha, na hiyo ndiyo ikawa kesi. Ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2019 iliamua kwamba waendesha mashtaka lazima wathibitishe kuwa mshtakiwa alijua hali yake ya uhamiaji. Usitake kuwa mtu wa kuipima tena sheria hiyo. Grini kadi kwanza, bastola baadaye.

Ukishavuka hapo, omba kadi ya FOID, yaani kibali cha jimbo cha kumiliki silaha na risasi, kwa Polisi wa Jimbo. Dola 10, inadumu miaka 10, na unaiomba kwa intaneti. Bila hiyo huuziwi hata boksi la risasi, kwa hiyo usilipie mafunzo kabla haijafika. Leseni yenyewe ya kubeba inahitaji uwe umetimiza miaka 21.

Mafunzo ni saa 16, mara nyingi Jumamosi na Jumapili kutwa. Illinois ndilo jimbo lililokuwa la mwisho kukubali raia wabebe bastola kwa kificho. Mahakama ya rufani ya shirikisho ilililazimisha mwishoni mwa 2012, sheria ikapitishwa 2013, na masharti yakawekwa mazito tangu mwanzo. Mkufunzi lazima awe ameidhinishwa na Polisi wa Jimbo. Aliyestaafu jeshi la Marekani kwa heshima hupunguziwa saa 8, lakini jaribio la risasi halimruki. Darasani mtasoma usalama, kusafisha na kupakia silaha, sheria, na namna ya kuongea na polisi. Ukijua Kiingereza cha kazini utaelewa.

Kabla hujalipa, mpigie mkufunzi simu umuulize mambo matatu. Je, ada ya uwanja wa shabaha imo kwenye bei? Je, bastola na risasi natoa mimi? Nikishindwa, narudia kwa kulipa tena? Mimi sikuuliza hata moja, na majibu yote matatu nikayapata kwa kutoa pesa mfukoni.

Sasa jaribio lenyewe. Unafyatua risasi 30: kumi kutoka yadi 5, kumi kutoka yadi 7, kumi kutoka yadi 10. Yadi 10 ni kama mita 9, umbali wa kutoka sebuleni hadi getini. Mbele yako inaning'inia karatasi kubwa yenye umbo jeusi la mtu kuanzia mapajani kwenda juu, wanaiita B-27. Asilimia 70 ya risasi ziipate, yaani 21 kati ya 30. Ukipata 20, sheria inamkataza mkufunzi kukupa cheti, hata kama alikupenda siku zote mbili. Wangu alihesabu tundu zilizoingia ndani ya umbo jeusi peke yake. Muulize wako anahesabuje.

Nilidhani ni rahisi. Rafiki yangu aliniazima bastola ndogo ya mfukoni, nikajiambia ndiyo hii nitakayoibeba, basi nipimwe nayo. Hilo ndilo kosa lililoniangusha. Bastola ndogo ina mtutu mfupi, mpini wake haujai kiganjani, kidole kidogo kinabaki kinaelea hewani, na kila risasi inaitupa juu. Yadi 5 nilipata zote kumi. Yadi 7 nikapata sita. Yadi 10 mikono ilishaanza kutetemeka, nikapata tatu. Jumla 19.

Mkufunzi aliivuta ile karatasi, akaiweka mezani, akazungusha kalamu kwenye tundu moja moja. Tundu za mwisho zilikuwa zimejazana pembeni ya umbo, chini upande wa kushoto, kama zimemwagwa na mkono mmoja. Akaniambia hiyo ni saini ya mtu wa mkono wa kulia anayekivuta kifyatulio kwa kishindo akiuogopa mlio kabla haujalia. Hakukosea. Nilikuwa nafumba macho.

Nafasi nyingine ilikuwa baada ya wiki tatu. Nililipa uwanja tena, risasi tena, ada ya kurudia, na siku moja ya kazi bila mshahara. Hizo wiki tatu nilifanya zoezi moja kila usiku. Unatoa magazini (kile kibebeo cha risasi ndani ya mpini), unaangalia chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho na kupapasa kwa kidole kwamba ni tupu, risasi zote unaziacha chumba kingine. Kisha unalenga ukuta usio na mtu nyuma yake, na mtu wa nyumbani anakuwekea sarafu ya senti juu ya mtutu, karibu na ncha. Vuta kifyatulio taratibu mpaka kigonge, sarafu isianguke. Siku ya kwanza ilianguka kila mara. Mke wangu alichoka kuiokota. Wiki ya pili ilikuwa inatulia mara tisa kati ya kumi. Na uwanjani nilikodi bastola ya ukubwa wa kawaida, ya risasi za milimita 9, inayojaa mkononi. Nikapata 27. Ile ndogo unaweza kuja kuizoea baadaye; siku ya mtihani nenda na kubwa.

Kuna njia nyingine ya kukosa cheti, nayo haihusiani na shabaha. Sheria inamtaka mkufunzi akunyime ukikaidi maagizo yake au ukishika silaha kwa namna ya hatari. Siku yangu ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa amepiga vizuri kuliko sisi sote aligeuka kumwuliza mkufunzi jambo, bastola ingali mkononi, mtutu ukapita mbele ya vifua vya watu watatu. Alirudishwa nyumbani palepale. Swali likikujia, weka bastola mezani mtutu ukielekea shabaha, ndipo ugeuke. Na kwa kuwa mtakuwa mmeziba masikio, yashikeni maneno mawili kabla hamjaenda: "cease fire". Mtu yeyote akiyapaza, kidole kitoke kwenye kifyatulio na uache kupiga papo hapo. Mwambie mkufunzi mapema kama Kiingereza kinakupita kikisemwa haraka. Wangu alikubali kuniwekea mkono begani kama ishara.

Ukishapata cheti ndipo upige picha. Maombi yanataka picha iliyopigwa ndani ya siku 30 kabla ya kuomba. Mimi nilikimbilia studio mapema, nikashindwa jaribio, picha ikapitwa na wakati, nikalipa ya pili.

Fomu ni ya intaneti, unapakia cheti na picha. Itakuuliza anwani zako za miaka 10 iliyopita. Kwa mzaliwa wa hapa ni dakika tano. Kwa aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akakaa Kigoma mjini, kisha akahama nyumba nne tangu ashuke uwanja wa ndege, ni kazi ya jioni nzima. Kaa na familia mziandike kwenye daftari kwanza, kwa mwezi na mwaka, mkizilinganisha na karatasi zenu za uhamiaji ili tarehe zisipingane.

Alama za vidole si lazima, lakini ukizitoa kwenye kituo chenye leseni, maombi yanatakiwa kujibiwa ndani ya siku 90. Usipozitoa ni 120. Mimi nilitoa. Ada ya leseni ni dola 150 kwa mkazi, inadumu miaka 5, na kuihuisha kunataka mafunzo ya saa 3.

Kadi ikifika, msiingie na bastola kwenye shule, mahakama, hospitali, maktaba, basi au treni ya umma, bustani ya umma, wala baa ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe. Ukifika mahali pa namna hiyo kwa gari, sheria inakuruhusu kuiacha ndani ya kasha kwenye gari lililofungwa. Na polisi akikusimamisha akauliza kama una silaha, unatakiwa kumwambia. Zima gari, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono yote miwili iwe juu ya usukani, umjibu kwa mdomo kwamba unayo na una leseni. Usiifuate kadi mfukoni mpaka akuambie uitoe.