Saiti mira ya baiskeli: namna ya kuchagua inayokufaa, hasa kama unaendesha Dodoma

Mbukwenyi wadau. Mi ni fundi baiskeli huku Nzuguni, mashariki ya mji, na mwenyewe naendesha kila siku, kwaiyo haya nayoandika ni ya mikono yangu. Watu wanakuja kijiweni, fundi nifungie hii saiti mira, nikiangalia naona ameshanunua na haiendani kabisa na usukani wake. Inaniuma maana hela imeshaenda na kioo kitakaa ndani ya kabati.

Kwa nini uwe nayo? Huku kwetu kipindi cha kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi hivi, upepo unatoka mashariki, sasa ukitoka mjini kuelekea Ihumwa, huko huko mashariki, unaupokea wote usoni na masikio yanajaa mvumo, lori likija nyuma hulisikii mpaka liko ubavuni kwako. Mi lilinikuta, semitrela ilinipita karibu nikaingia kwenye mchanga wa pembeni baiskeli ikanilalia mguu, na kilichoniogopesha sio kuanguka, ni kwamba sikusikia kitu kabisa. Na tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 magari yameongezeka sana, wenyeji mnajua.

HATUA YA 1: Anza na usukani, sio duka

Kama una Phoenix au baiskeli yoyote ya mtindo ule, usukani wake umepinda na ncha zake zinakutazama wewe mwendeshaji. Kioo cha kuchomeka kwenye tundu la ncha hapo hakifai, kitakuonyesha paja lako tu. Chukua cha klempu (kibano kinachozunguka usukani na kukazwa na bolti), kinachokaa mbele ya raba ya kushikia. Ila angalia breki, hizi baiskeli breki zake ni za vyuma virefu vinavyopita kwenye usukani, klempu isije ikabana kile chuma. Ukishafunga minya breki kama mara kumi, ikirudi nzito hata kidogo sogeza klempu, usiseme italegea yenyewe.

Kama ni baiskeli ya gia yenye usukani ulionyooka, cha kuchomeka nchani ndio kizuri zaidi, kiko mbali na mwili wako na mkono haukizibi. Utakata kidogo mwisho wa raba kwa kisu tundu lionekane. Tundu la usukani wa chuma mara nyingi ni pana kuliko la aluminiamu, kwaiyo tafuta chenye raba inayotanuka ukikaza bolti, hicho kinakubali kote.

Kupima kwa klempu: zungusha uzi mara moja pale utakapofunga, uweke kwenye rula. Ukipata sentimita 7 kasoro kidogo, usukani wako ni milimita 22, ndio saizi ya baiskeli nyingi. Nenda na huo uzi dukani. Klempu ikipwaya kidogo kata kipande cha tyubu kuukuu uvishe kwanza, kinasaidia pia kupunguza mtetemo.

HATUA YA 2: Upande

Kulia. Sisi tunaendesha kushoto, magari yanatupita kulia, na kona ya kulia ndio inayotutoa roho kwasababu lazima ukatize mbele ya wanaokuja nyuma. Kama hela ni ya kioo kimoja basi ni cha kulia, nimeshaona mtu kafunga kushoto kwasababu ndio kilichokuwepo dukani, anaangalia mtaro.

HATUA YA 3: Kioo chenyewe (hapa usiharakishe)

Kuna kioo bapa na kuna kilichobinuka kama mgongo wa kijiko. Kujua ni kipi, jitazame pale pale dukani: ukiona sura yako kama unavyoiona kwenye kioo cha nyumbani hicho ni bapa, ukiona sura imekuwa ndogo na ukuta wote wa duka umeingia, kimebinuka. Kilichobinuka kinaonyesha barabara pana zaidi, na kwenye baiskeli mi ndio nachopendekeza, lakini kina jambo moja la kulijua: gari linaonekana dogo, na akili inadhani liko mbali wakati limeshafika.

Nikupe hesabu uone. Wewe unaenda kilomita 15 kwa saa, lori lipo kwenye 80. Linakufikia kwa tofauti ya 65, yani mita 18 kila sekunde. Likiwa mita 100 nyuma una sekunde tano na nusu tu, na kwenye kioo kilichobinuka hapo bado ni kidoti. Kwaiyo ukiona kidoti usianze kukata kona.

Ukubwa, usishuke chini ya sentimita 7 upana. Vile vidogo vizuri kwa macho tu, barabara ya vumbi ikianza mabonde huoni kitu.

HATUA YA 4: Mkono wa kioo na mzigo wako

Mkono mfupi hautetemeki sana. Lakini kama unabeba gunia la mkaa au madumu pembeni ya keria, mkono mfupi utakuonyesha gunia. Hapo chukua mrefu, hata wa pikipiki unafaa, ufunge na klempu ya chuma na nati mbili zikabane. Jaribu shingo yake dukani, izungushe kwa vidole viwili: ikizunguka kirahisi sana achana nayo, italala kwenye tuta la kwanza.

HATUA YA 5: Kuiseti

Panda baiskeli na mzigo wako wa kawaida, mtu akushikie. Kwenye kioo uone ukingo mdogo tu wa bega au kiwiko, upeo wa barabara ukae katikati. Alafu mwambie mwenzio arudi nyuma hatua 30 aje akitembea kulia kwako. Pale anapopotea kwenye kioo kabla hujamuona kwa jicho ndio sehemu yako ya upofu, ikumbuke, kila ukitaka kukata kulia angalia kioo, geuza shingo, ndio utoe mkono.

HATUA YA 6: Jua na vumbi

Asubuhi ukitoka Nzuguni kuja mjini jua liko mgongoni na linapiga kioo moja kwa moja, jioni ukirudi hivo hivo. Muda huo kioo hakikusaidii, geuza shingo. Vumbi letu usilifute kavu na shati, hasa kioo cha plastiki (kigonge na kucha, kikitoa mlio mzito mfu ni plastiki), kitachanika mistari mpaka taa za usiku zisambae. Mwagia maji kwanza, vumbi liondoke, ndio ufute na kitambaa laini.

Baada ya siku tatu za kuendesha rudi na spana ukaze bolti tena, ya kwanza huwa inalegea.