Kuunga pete ya fedha kwa boraksi, na kazi ya boroni ndani yake

Wanaokuja kujifunza usonara kwangu hapa Lamu hukodolea macho moto, wakausahau unga mweupe. Huo ni boraksi, chumvi ya boroni, elementi namba 5. Boroni yenyewe ni nusumetali, na ikiwa safi haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 2,076 za Selsiasi. Mwaka 1808 wanakemia Gay-Lussac na Thénard waliitenga Ufaransa, na mwenzao Davy Uingereza. Sisi tunaitumia ikiwa imeshikana na sodiamu na oksijeni.

1. Piga msasa ncha za pete mpaka zikutane. Itazame kwenye mwanga: ukipenya, rudia, maana lehemu haizibi pengo.

2. Koroga boraksi na maji iwe kama uji mwepesi, paka kwenye kiungo, kisha weka kipande kidogo cha lehemu.

3. Anza na moto wa mbali. Fuwele za boraksi zina maji ndani. Yanapotoka, unga hufura, hububujika na kuisukuma lehemu pembeni. Irudishe kwa koleo dogo, taratibu. Kwenye nyuzi 743 hivi boraksi huyeyuka ikawa kioo cha majimaji, na hapo ndipo boroni inapofanya kazi. Fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, ina shaba, na shaba ikipata hewa na moto hutoa oksidi nyeusi ambayo lehemu haiishiki kabisa. Kioo hicho huizuia hewa, na oksidi iliyokwisha kujitokeza huiyeyusha ndani yake. (Mnaotazamia moto wa kijani wa boroni, msahau: sodiamu hutoa manjano yanayoufunika.)

Kusi likivuma, funga dirisha la upande wa upepo, acha la uani wazi. Mvuke wa boraksi si wa kuvuta.

4. Pasha pete nzima, usiikabili lehemu peke yake, kwa sababu hukimbilia penye joto. Ikimetameta na kupita kwenye kiungo, ondoa moto papo hapo. Fedha safi huyeyuka nyuzi 961; yenye shaba huwahi zaidi.

5. Wekundu ukiisha, itumbukize majini. Kioo kilichobaki ni kigumu, kitakumalizia msasa bure. Loweka pete kwenye maji moto yaliyokamuliwa ndimu nyingi, katika bakuli la udongo, na uitoe kwa kijiti. Ukitia koleo la chuma humo, shaba iliyo majini itaipaka fedha yako wekundu.